Saini ya Dympna

Watu wa Drumgallan wakimtaja Dympna Gormley hutaja kwanza jambo alilolifanya katika hospitali ya gereza mwezi wa nane mwaka 1981, kana kwamba kabla ya siku ile hakuwapo duniani. Alikuwapo. Alishona kosi za mashati kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na alikuwa na mdomo ambao hata msimamizi wa kiwanda aliuogopa. Mumewe, Hughie, aliendesha lori la maziwa, na alikuwa mtu ambaye ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana. Walijaliwa watoto wawili. Rosaleen aliolewa mji wa Omagh. Fintan alikuwa kitinda mimba, aliyezaliwa baada ya mimba tatu kuharibika, Dympna akiwa na miaka thelathini na minne na ameshakata tamaa.

Siasa hakuzipenda. Askari wa Kiingereza aliwachukia kama walivyochukiwa na kila mtu katika mtaa ule, maana walishavunja mlango wake mara tatu na kummwagia unga sakafuni wakitafuta wasichokipata. Lakini bunduki za vijana wa harakati, waliopigana kuwafukuza askari hao, nazo zilimtia kichefuchefu. Alipoona Fintan ameanza kurudi nyumbani na viatu vya matope siku ambazo hakuna kazi shambani, alimwambia, "Mwanangu, nikija kukutambua kwa soksi zako tu, sitakusamehe." Fintan akacheka, akambusu utosini, akatoka.

Alikamatwa mwaka 1977, miaka ishirini tu, kwenye gari lenye baruti chini ya kiti. Wakampa miaka kumi na minne.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba vijana wa namna yake ni wezi na wauaji kama wengine, wavae sare za wezi. Fintan akakataa sare. Walimvua nguo zake, wakamtupia blanketi, na hilo likawa vazi lake usiku na mchana, majira yote ya baridi. Asiyevaa sare hapewi ruhusa ya kuonana na mgeni. Kwa hiyo Dympna hakumwona mwanawe kwa miaka miwili na miezi mitatu. Habari zilimfikia kwa vipande: kwamba wanapigwa wakipelekwa kuoga, kwamba sasa wamekataa kutoka seli kabisa, kwamba kinyesi chao wenyewe wanakipaka ukutani. Lile la ukuta hakuliamini. Fintan alikuwa mtoto wa kunawa mikono hata kabla ya kuambiwa.

Kiwandani, cherehani yake ilipakana na ya Iris Heatley, mwanamke wa Kiprotestanti, mjane, mnene, mpenda mzaha. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka kumi na tisa. Kila mmoja alijua uchungu wa kila mtoto wa mwenzake. Iris alikuwa na kaka aitwaye Norman, naye alikuwa askari jela, katika gereza lile lile. Hilo hawakulizungumza. Walizungumza bei ya nyama, magoti yao, na nani kaonekana na nani.

Mwezi wa pili mwaka 1980, Norman alipigwa risasi na watu wa harakati mlangoni kwake, mkewe akiwa nyuma yake na taulo mkononi. Iris alikaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi, alikaa kwenye cherehani yake ile ile.

"Iris, pole sana," Dympna akamwambia. "Nimekuombea."

"Umeniombea kwa nani? Kwa Mungu wa mwanao?"

Wangeweza kuomba kuhamishwa, lakini cherehani zilikuwa zimefungwa sakafuni kwa bolti na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Wakashona siku hiyo mpaka jioni bila neno. Siku ya nne Iris akamsogezea kopo la biskuti, macho yake yakiwa kwenye sindano.

Majira ya kuchipua Fintan akakubali kuvaa sare kwa nusu saa, ili aonane na mama yake. Dympna aliingia chumba cha wageni akapita meza moja, ya pili, akasimama, maana hakumwona. Kijana mwenye ndevu hadi kifuani na nywele mabegani akasema, "Mama, ni mimi." Sura ilikuwa nyeupe kama mshumaa. Na harufu. Hapo akaamini habari ya ukuta.

Alipomkumbatia, Fintan alimbusu mdomoni, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, na Dympna akahisi ulimi wake ukisukuma kitu kidogo kigumu, kimefungwa nailoni.

"Usikiteme," akamnong'oneza. "Kuna mtu atakuja nyumbani kukichukua."

Alikaa nusu saa nzima na barua ya watu wasiomhusu shavuni, asiweze kumwuliza mwanawe hata kama anakula vizuri. Ndani ya basi la kurudi alikitoa, akakitazama kiganjani, akalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Miaka miwili namngoja," alimwambia Hughie, "na busu lenyewe halikuwa langu."

Mwaka uliofuata wafungwa wakagoma kula. Walitaka mambo machache: wavae nguo zao, wasifanye kazi ya gereza, wakae pamoja, wapate barua na wageni. Waziri mkuu akasema hatazungumza na wahalifu. Mmoja akafa, wa pili akafa, na kila aliyekufa nafasi yake ikachukuliwa na mwingine kutoka orodha ya waliojitolea. Dympna alikuwa akipiga goti kila asubuhi kuwaombea wale mama, na hakujua kwamba jina la mwanawe liko katika orodha hiyo mpaka mtu wa harakati alipokuja, akavua kofia, akakataa chai, akasema Fintan ameanza Jumatatu.

Alipopata ruhusa ya kumwona ilikuwa siku ya kumi na moja. Fintan alikuwa amekonda lakini macho yalikuwa yanawaka, ana furaha ya ajabu iliyomtisha Dympna kuliko kukonda kwenyewe.

"Kwa nini wewe?" akamwuliza.

"Kwa nini asiwe mimi? Nimruhusu mtoto wa mwenzako afe, mimi nile viazi?"

"Ndiyo. Hivyo hasa ndivyo ninavyotaka."

Fintan akacheka. Kisha akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Mama, sikiliza. Mwishoni nitapoteza fahamu. Wakati huo ni ninyi mtakaoamua, si mimi. Watakuletea karatasi ya kuruhusu nilishwe. Usitie saini."

"Fintan, acha."

"Ukitia saini, wote waliotangulia watakuwa wamekufa bure. Nataka uape."

"Nimekuzaa mimi. Unaniapisha nikuangalie ukifa?"

Askari aliyesimama karibu akatazama saa. Hapo Fintan akaanza kulia, kimya, machozi yakiingia kwenye ndevu. Tangu Fintan alipokuwa na miaka saba Dympna hakuwahi kumwona akilia. Mwili wake wote ulitaka jambo moja tu, machozi yale yakome, na kwa ajili hiyo akatoa rozari mfukoni, akaishika, akaapa. Baadaye alisema kwamba wakati ule angeapa lolote.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Padri McGirr, mzee mwenye nyonga mbovu aliyembatiza Fintan. Alimkuta bustanini akipogoa waridi.

"Padri, mwanangu anajiua?"

Padri akaweka mkasi chini. "Sijui, Dympna."

"Hujui? Miaka arobaini unatuhubiria lipi ni dhambi na lipi si dhambi, na hili hulijui?"

"Wapo mapadri wanaosema anajiua. Wapo wanaosema anatoa uhai kwa ajili ya rafiki zake, kama Bwana alivyotoa. Mimi nimesoma wote, na kila usiku nalala na jibu tofauti."

"Basi nikuulize jepesi. Mungu anataka nini?"

"Miaka arobaini," mzee akasema, "wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza hilo ukitaka jibu kweli. Na sina."

Dympna aliendelea kwenda kazini, kwa sababu nyumbani Hughie alikuwa akikaa mbele ya meko bila kuwasha moto, na ukimya wake ulikuwa umejaa hadi kwenye kabati. Kila siku saa nne, wakati wa chai, Iris alimwuliza swali lile lile.

"Ya ngapi leo?"

"Ya thelathini na nane."

Iris akakata mkate wake wa siagi nusu, akaweka mbele yake. Dympna akautazama.

"Kula, bibi wee, usije ukaniangukia kwenye mashine nikalaumiwa mimi." Kisha, alipoona haugusi, akasema polepole, "Sitakudanganya. Walipomuua Norman nilitaka wafe wote mle ndani. Nilipiga magoti nikaomba. Na sasa nimejibiwa, mmoja baada ya mwingine, na huyu wako alikuja hapa sherehe ya Krismasi akala keki zangu tatu. Sijui nataka nini tena. Nisingependa uniulize."

"Sikuulizi."

"Haya. Kula."

Siku ya arobaini na tano macho ya Fintan yalianza kucheza yenyewe, huku na huku, na hata maji yakawa hayakai tumboni. Siku ya hamsini na mbili akawa haoni. Ngozi ilikuwa imegeuka karatasi, hivyo walimlaza juu ya manyoya ya kondoo ili mifupa isitoboe. Na mara tatu kwa siku mhudumu wa hospitali alileta sahani ya chakula cha moto, samaki na chipsi, mayai na nyama, akaiweka kando ya kitanda, akaja kuichukua ikiwa imepoa. Ndiyo ilikuwa amri. Dympna aliona zile chipsi zikitoa mvuke inchi mbili kutoka usoni kwa mwanawe. Hakuwahi kuona chipsi nzuri hivyo katika nyumba yoyote.

"Mama, kuna samaki leo?" Fintan akauliza.

"Yupo."

"Nilijua. Pua bado inafanya kazi." Akatabasamu, na ufizi ulikuwa mweusi. "Bado uko nami?"

"Niko nawe."

Hakuwa akidanganya. Wakati ule alikuwa bado anafikiri ataweza.

Siku ya hamsini na tisa Fintan aliacha kusema. Siku ya sitini na moja, asubuhi ya mvua nyepesi, daktari aliwaita Dympna na Hughie na Rosaleen kwenye chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Alikuwa daktari kijana. Akasema zimebaki saa chache, labda kumi, labda nne. Akasema ini na figo bado zinaweza kurudi, macho hana hakika. Akaweka karatasi mezani, na kalamu juu yake, akatoka.

Rosaleen alikuwa analia tu. Hughie alisimama dirishani, mgongo kwao.

"Sema neno, Hughie," Dympna akamwambia. "Mara moja katika maisha yako, sema neno."

"Uliapa."

"Hilo nalijua mwenyewe."

"Yeye ameamua, Dympna. Ni mtu mzima. Ukimrudisha, hutamrudisha yule." "Lakini sitakushika mkono. Nikikushika mkono, nitakuwa mimi ndiye niliyemwua."

Dympna akavuta kiti, akakaa. Alisema baadaye kwamba alijaribu kusali Salamu Maria na akasahau maneno katikati. Alijaribu kuwakumbuka waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, kama Fintan alivyomtaka. Kilichomjia ni kwamba katika chumba cha pili mtu aliyemtoa tumboni mwake ana saa nne. Akaandika jina lake kamili, Dympna Mary Gormley, kwa mwandiko mzuri wa shule ya masista.

Fintan alizinduka siku ya tatu. Alihisi sindano mkononi, akafuata mpira wake kwa vidole mpaka kwenye chuma cha dripu.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," Dympna akasema.

Akageuza uso kuelekea ukutani. Hakusema kingine siku hiyo, wala ile iliyofuata.

Wiki chache baadaye familia nyingine nazo zikatia saini, na mgomo ukakatika. Nguo zao walikuja kupewa, pamoja na sehemu ya mengine, bila mtu kutangaza kushindwa wala kushinda.

Drumgallan hakuna aliyemtukana Dympna. Mtu wa harakati alikuja, akavua kofia, akasema, "Hakuna anayekulaumu, Bibi Gormley," na hakukanyaga tena nyumbani kwake. Dukani watu walimpisha kwenye foleni, kama mgonjwa. Kwenye kwaya mwanamke aliyesimama upande wake wa kushoto alihamia safu ya nyuma, akasingizia koo.

Aliyemwambia ukweli alikuwa Bernadette Carragher, wa parokia ya jirani, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Yeye alikuwa ameapa kama Dympna, akatimiza. Walikutana kwenye lango la makaburi mwezi wa kumi na moja, kila mmoja na maua.

"Nilikuwa nalala usingizi," Bernadette akasema. "Sikiliza, sikugombezi. Nilikuwa nalala, kwa sababu niliambiwa hakuna njia nyingine. Kisha wewe ukatia saini, na mbingu hazikuanguka. Wako anakula uji. Sasa mimi nimekuwa nani, Dympna? Niambie mimi ni nani."

"Wewe ulikuwa na nguvu kuliko mimi."

"Usiniambie hivyo. Afadhali unitukane." Akapita na maua yake.

Majuma mawili baadaye Dympna alikwenda kuungama. Padri McGirr alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kiapo cha kumwacha mtu afe hakimfungi mtu," akamwambia. "Hukutenda dhambi. Nenda kwa amani."

"Niliapa kwa rozari, Padri. Mbele ya mwanangu akilia. Kama si dhambi, basi ni nini hiki nilichonacho?"

"Haya, kama unataka iwe dhambi, itubu, nikuondolee."

"Siwezi kuitubu. Ingekuwa leo ningefanya vile vile."

Upande wa pili wa wavu Padri alimsihi achukue neno lake, akakasirika, akamsihi tena. Dympna akasema ahsante na kutoka. Tangu siku hiyo alikwenda Misa kila Jumapili na kukaa benchi la mwisho, na watu walipopanga mstari wa komunyo yeye alibaki ameketi, mikono juu ya mkoba. Kwaya aliiacha. Padri alipokufa, miaka mitatu baadaye, hakuna aliyemhimiza tena.

Fintan alitolewa mwaka 1986, miaka ishirini na tisa, fimbo mkononi, akiona vivuli tu, tumbo likikataa kila kitu chenye mafuta. Hakurudi Drumgallan. Alikwenda kukaa kwa dada yake Omagh, kwenye chumba cha chini kando ya jikoni. Waliokuwa naye gerezani walikuja kumtembelea mwanzoni, wakazungumza kwa sauti kubwa na kucheka, na alipofunga mlango nyuma yao alikuwa akitetemeka. Yeye peke yake kati ya walioanza mwezi ule alikuwa amefika mbali kiasi kile na kurudi. Hakujua aketi na nani, walio hai au wale wengine.

Dympna alipanda basi kila Jumapili baada ya Misa. Fintan alimwita kwa jina. "Habari ya safari, Dympna?" Neno mama alikuwa amelitoa kinywani kabisa, kwa upole, bila ugomvi, kama mtu aliyeacha sigara. Hughie alipokufa, mwaka 1989, mama na mwana walisimama kaburini upande mmoja, Rosaleen katikati.

Ilikuwa mwaka ule, Jumapili moja ya baridi kali, ndipo alipomwuliza. Rosaleen alikuwa ametoka kuita watoto. Fintan alikuwa amekaa karibu na redio iliyozimwa.

"Nataka nikuulize jambo," Dympna akasema, "na usinijibu kama padri."

"Uliza."

"Ungependa ningekuacha ufe?"

Fintan hakuchukua muda kufikiri. "Ndiyo."

"Hata leo?"

"Kila siku nikiamka. Nisamehe. Uliniambia nisijibu kama padri."

Dympna aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka haoni, akasema, "Nimesikia." Alikuwa na miaka sitini na sita. Mikono yake, iliyoshona kosi miaka yote ile, ilikuwa imeanza kukunjika. Alivuta pumzi. "Basi na wewe ujue. Wakinirudishia karatasi ile leo hii, natia saini. Na kesho. Unichukie mpaka unizike, natia."

"Najua," Fintan akasema. "Ndiyo maana sikuulizi."

Rosaleen akaingia na watoto na baridi, akaweka birika motoni, akauliza mbona mmekaa gizani hivi mchana. Walikunywa chai. Walizungumza habari ya paa la Rosaleen, linalovuja. Saa kumi Dympna akavaa koti, akachukua mkoba, akasema kwaheri kwa kila mmoja, akawahi basi.

Jumapili iliyofuata Fintan hakutoka chumbani. Rosaleen akabisha, akarudi akitikisa kichwa. Dympna akasema mwache, akanywa chai yake, akasikiliza upande wa pili wa ukuta kiti kikisogezwa. Aliendelea kwenda kwa miaka sita zaidi, mpaka magoti yalipomshinda kupanda ngazi za basi. Katika miaka hiyo Fintan alitoka kukaa naye mezani mara tano au sita. Siku nyingine zote Dympna alizungumza na mlango, maneno machache tu, mvua ikoje Drumgallan, nani kafa, Iris kamtumia salamu, na wakati mwingine mlango ulijibu.